Njia za baiskeli za Galloway: msitu ni wa nani, na kwa nini njia hufungwa?

Tulipokuwa tunazungumzia mashindano ya dunia ya baiskeli ya Agosti 2023 kule Uskoti, ambako Tom Pidcock alitwaa ubingwa wa baiskeli za milimani katika msitu wa Glentress, msikilizaji mmoja wa Mafinga alituma ujumbe: "Mtangazaji, hao wanakimbiza baiskeli ndani ya msitu wa nani? Na mwenye msitu anapata nini?"

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, na mtu aliyekulia jirani na miti ya paina ya Sao Hill ana haki ya kuliuliza. Ili lijibike vizuri, tuondoke kidogo Glentress, twende kusini-magharibi mwa nchi hiyohiyo, eneo la Galloway. Huko kuna milima ya mawe, msitu mkubwa, pwani ya ghuba ya Solway, na maziwa ambayo wenyeji huyaita "loch". Neno hilo Waskoti hulitumia kwa ziwa la maji baridi na pia kwa mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kwa hiyo ukilisikia usidhani moja kwa moja kwamba maji yake hayana chumvi. Loch Trool na Loch Ken za Galloway ni maziwa ya kawaida.

Tuanze na ruhusa. Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya ardhi mwaka 2003, na sehemu yake ya haki ya kupita ikaanza kutumika mwaka 2005. Kwa sheria hiyo, mtu yeyote anaweza kupita kwenye sehemu kubwa ya ardhi na maji ya ndani kwa miguu, kwa farasi, kwa mtumbwi au kwa baiskeli, hata kama ardhi hiyo ni ya mtu binafsi, mradi apite kwa uangalifu. Uani kwa watu haruhusiwi, kwenye mazao yaliyoota haruhusiwi, na chombo chenye injini kama pikipiki hakimo. Jirani zao wa England hawana haki pana namna hiyo. Mwenye baiskeli huko hutegemea zaidi njia za farasi zilizotambuliwa kisheria.

Lakini hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Sheria inakupa haki ya kupita, haikupi haki ya kujenga. Ukienda na jembe lako kuchimba kona na tuta la kurukia kwenye mlima wa mtu bila idhini yake, umevuka mpaka. Kwa hiyo njia zenye alama tunazoziona kwenye video zimejengwa kwa idhini ya mwenye ardhi, na Galloway mwenye ardhi mara nyingi ni umma, kupitia shirika la serikali la misitu, Forestry and Land Scotland.

Sasa, shirika hilo halikupanda miti kwa ajili ya baiskeli. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Uingereza ilijikuta haina mbao za kutosha, na mwaka 1919 ikaunda tume ya misitu. Vilima vilivyokuwa malisho ya kondoo vikapandwa miti, hasa sprusi ya Sitka, mti uliotoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, unaopenda mvua na kukua haraka. Hupandwa kwa mistari na kuvunwa baada ya miaka 40 hivi. Yaani ni shamba. Ukisimama katikati yake unasikia kimya kilekile cha paina zetu.

Baiskeli ziliingia rasmi kwa sababu ya msiba. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia kwenye mifugo ya Uingereza, wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa, na eneo la Dumfries na Galloway likawa miongoni mwa yaliyoumia sana. Njia za mashambani zilifungwa, wageni wakaacha kuja. Mfugaji alipoteza ng'ombe, na mwenye nyumba ya wageni akapoteza wateja bila kuwa na ng'ombe hata mmoja. Katika miaka iliyofuata ulijengwa mlolongo wa vituo vya baiskeli kusini mwa Uskoti, ukaitwa 7stanes. "Stane" kwa Kiskoti ni jiwe, na vituo hivyo vina mawe ya sanaa yaliyochongwa. Ninalolipenda mimi ni la Newcastleton, mpakani na England: lina tundu katikati, mtu wa upande huu na wa upande ule wakashikana mikono. Glentress ya Pidcock nayo imo katika mlolongo huo.

Njia zimegawanywa kwa rangi. Kijani ni ya familia na watoto, bluu imeongezeka ugumu kidogo, nyekundu inataka mazoezi, nyeusi inataka ujuzi na moyo. Dalbeattie, karibu na pwani, kuna jabali la graniti liitwalo The Slab: mteremko wa jiwe tupu ambao mwendeshaji hushuka akiwa ameegemea nyuma ya kiti. Ukiipeleka pale Phoenix ya babu yenye breki za vyuma, sijui nani atafika chini wa kwanza, wewe au tairi. Kirroughtree nako wanapita juu ya migongo ya graniti. Glentrool ni tofauti, kuna safari ya kilomita 58 ya barabara za msituni na vijijini, isiyotaka ushujaa ila miguu.

Adui mkubwa wa njia hizi ni maji. Mvua ya huko haina msimu kama yetu. Njia iliyojengwa vizuri huinamishwa upande mmoja maji yatoke, huwekewa mitaro na kokoto, na kwenye matope mawe hupangwa kama sakafu. Njia ambayo mtu ameikata kwa kushuka moja kwa moja mlimani hugeuka korongo baada ya muda mfupi. Wanaoishi Usambara wanalijua hilo bila kufundishwa na Mskoti.

Tuje kwenye kufungwa. Miti iliyopandwa miaka ya 1970 na 1980 imefika umri wa kuvunwa, na njia nyingi zimepita katikati yake. Mashine ya kuvuna ikiingia, njia hufungwa kwa wiki au miezi. Mnyororo wa msumeno wa mashine hiyo ukikatika, kipande chake huruka kama risasi, na dereva hawezi kumwona mtu anayeteremka kwa kasi nyuma ya miti. Wapo wanaoruka kizuizi Jumapili kwa kuwa mashine imezimwa. Wanasahau kwamba rundo la magogo linaweza kubingirika bila mashine yoyote.

Kisha kuna ugonjwa. Lachi ni mti wa jamii ya paina unaogeuka dhahabu na kupukutisha majani kabla ya baridi kali, mti mzuri kuliko wote katika misitu hiyo. Mwaka 2009 uligundulika England ukiuawa na kimelea kinachofanana na kuvu, Phytophthora ramorum, na kufikia 2013 kilikuwa kimesambaa vibaya Galloway. Hakina tiba. Lachi zilizoambukizwa hukatwa, na mara nyingine hata majirani zake wazima. Kimelea husafiri kwa mvua na ukungu, lakini pia kwa udongo ulioganda kwenye viatu na matairi, na baiskeli iliyoshinda Galloway Jumamosi inaweza kuwa msitu mwingine Jumapili. Ndiyo maana wageni husisitizwa kuosha baiskeli na viatu kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Mafinga, msitu ni wa umma na unauza mbao. Mwenye msitu haingizi fedha nyingi kwa baiskeli zenyewe, kwani kuziendesha humo hakuna kiingilio, ingawa maegesho ya gari mara nyingi hulipiwa. Fedha huishia zaidi kwa fundi baiskeli, mgahawa na nyumba za kulala wageni, na hao ndio wa kwanza kuhesabu siku njia inapofungwa. Ikifunguliwa, waendeshaji huikuta palepale na kona zake zilezile, ila kivuli kimeondoka: visiki pande zote, upepo wa Solway unawapiga usoni, na kwa mara ya kwanza bahari inaonekana kutoka kileleni.