Kompyuta ya Mzamiaji Hupima Maji, Haipimi Damu

Katika kina cha mita 60 baharini, mwili wa mzamiaji hukabiliwa na shinikizo mara 7 ya lile la ufukweni. Akivuta hewa ya kawaida, naitrojeni humlevya hata akashindwa kuamua jambo dogo. Kwa sababu hiyo, wazamiaji wa kina kirefu hutumia trimiksi, yaani mchanganyiko wa oksijeni, heliamu na naitrojeni. Mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 18 humpa mzamiaji, katika kina hicho, shinikizo la oksijeni la bari 1.26, wengi hujiwekea kikomo cha bari 1.4. Oksijeni ikizidi mno huweza kuleta degedege, na degedege chini ya maji aghalabu huishia katika kuzama.

Hata hivyo, gesi iliyoingia mwilini haina budi kutoka. Mzamiaji akipanda kwa haraka, gesi iliyoyeyuka katika damu na tishu hugeuka mapovu, mithili ya chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Kazi ya kompyuta inayovaliwa mkononi ni kukadiria asimame wapi, na kwa dakika ngapi, kabla ya kufika juu.

Makadirio hayo yana historia. Mwaka 1908, John Scott Haldane wa Uingereza na wenzake walichapisha majedwali ya kupanda baada ya majaribio waliyofanya kwa mbuzi. Waliugawa mwili katika makundi 5 ya tishu, kila moja likipokea na kutoa gesi kwa kasi yake. Baadaye Albert Bühlmann, huko Zürich, Uswisi, aliyafikisha makundi hayo 16, na kompyuta nyingi za leo hufuata kanuni yake. Makundi hayo si viungo halisi vya mwili. Ni hesabu tu.

Mambo ya kuzingatia katika kuchagua

Kwanza, kompyuta iwe na uwezo wa kukokotoa heliamu, ambayo huingia na kutoka katika tishu kwa kasi kuliko naitrojeni. Kifaa kilichoundwa kwa hewa ya kawaida pekee hakifai kwa trimiksi.

Pili, ikubali gesi kadhaa katika mzamio mmoja, na kubadili gesi kuwe kwepesi. Mzamiaji anayepanda huweza kuvuta oksijeni tupu kuanzia mita 6, ambapo shinikizo lake ni bari 1.6. Akisahau kuijulisha kompyuta, au akiijulisha gesi asiyoivuta, hesabu yote huwa ya uongo.

Tatu, kanuni yake ijulikane na kiwango cha tahadhari kiweze kurekebishwa. Kompyuta isiyoeleza inakokotoa vipi humnyima mtumiaji nafasi ya kuihoji.

Nne, isisite kukokotoa pale mzamiaji anapokosea. Baadhi ya vifaa vya wazamiaji wa burudani hujifunga kituo kikirukwa, yaani wakati msaada unapohitajika zaidi.

Tano, maandishi yasomeke gizani, vitufe vibonyezeke kwa mkono wenye glavu, na kuwe na kompyuta ya pili au jedwali lililoandikwa kwenye kibao. Urembo na jina la mtengenezaji vije mwisho.

Kisichoonekana kwenye kioo

Kompyuta hujua kina, muda na gesi iliyoelezwa. Haijui kwamba mwenyewe amepungukiwa na maji mwilini, amechoka, au alihisi baridi wakati wa kupanda. Haijui pia kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 ana kijitundu kilichobaki wazi kati ya vyumba vya juu vya moyo tangu kuzaliwa, ambacho mapovu huweza kukipitia yakaingia katika mishipa ielekeayo kwenye ubongo.

Hapa ndipo mhudumu wa afya anapopaswa kuwa macho. Mgonjwa aliyetoka kuzamia akilalamikia ganzi, udhaifu wa miguu, maumivu ya viungo, kizunguzungu au kushindwa kukojoa, huenda akaonyesha kompyuta isiyo na onyo lolote. Hilo si ushahidi kwamba yu salama. Wapo wengi waliougua ilhali walitii kila agizo la kifaa.

Apewe mara moja oksijeni ya asilimia 100 kwa barakoa, alazwe, aongezewe maji, na apimwe mfumo wa fahamu na kibofu. Asipewe gesi ya nitrasi oksaidi kutuliza maumivu, kwa kuwa hukuza mapovu. Asirudishwe majini kwa nia ya kumtibu. Mtaalamu wa tiba ya uzamiaji aulizwe mapema kuhusu rufaa kwenye chemba ya shinikizo, hata kama dalili zimepungua baada ya oksijeni.

Kompyuta yenyewe isafiri na mgonjwa. Kumbukumbu zake za kina, muda na gesi humsaidia daktari wa chemba; isifutwe wala kuazimwa mzamiaji mwingine.

Naye mgonjwa anayetegemea bahari kwa riziki yake, awe Pemba, Mafia au Watamu, aeleze mizamio yote ya siku za karibuni bila kuficha. Kuchelewa kwa saa chache kwa kuhofia kupoteza kazi kwaweza kumgharimu uwezo wa kutembea.