Mchezo Unapojifunga Wenyewe

Miongoni mwa hitilafu zinazoikumba kompyuta ya mezani iliyoundwa kwa ajili ya michezo, hakuna inayowachosha watumiaji na mafundi kama ile isiyo na ratiba, yaani mchezo kujifunga wenyewe katikati ya mechi, leo baada ya dakika kumi na kesho baada ya saa tatu, ilhali kompyuta hiyohiyo hufungua intaneti na kuonyesha filamu bila shida yoyote. Ugumu wake hautokani na uchache wa dalili, bali na tabia ya dalili zenyewe kumsingizia asiyehusika, kwa kuwa ujumbe unaotokea kwenye skrini hueleza mahali programu ilipoangukia, wala haulazimiki kueleza ilipojikwaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika miaka ya karibuni ni ule wa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zilizoingia sokoni Oktoba 2022 na Oktoba 2023. Prosesa ndiyo sehemu inayofanya hesabu za kompyuta, na zile za daraja la juu, hasa Core i9-13900K na Core i9-14900K, zilipendwa na wachezaji kwa sababu ya kasi yake. Baada ya muda, baadhi ya waliozinunua walianza kuona michezo iliyojengwa kwa Unreal Engine ikijifunga wakati wa kupakia, na ujumbe uliotokea ulidai kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro, yaani kifaa kinachochora picha za mchezo, imekwisha. Hata wenye kadi za gigabaiti 24, ambazo si rahisi mchezo mmoja kuzimaliza, waliupata ujumbe huo, na ikawa kawaida kuilaumu kadi au draiva yake, ambayo ni programu inayouwezesha mfumo wa Windows kuzungumza na kifaa.

Kilichokuwa kikitokea ni kwamba mchezo unapoanza, prosesa hufungua data iliyobanwa na kuandaa sheda, yaani vijiprogramu vinavyoielekeza kadi namna ya kuchora mwanga, vivuli na rangi, na kazi hiyo huvishughulisha viini vyote vya prosesa kwa wakati mmoja. Kiini kimoja kikikosea hesabu, data hutoka ikiwa imeharibika, nayo sehemu ya mchezo inayoipokea, isiyojua lolote kuhusu chanzo, hutoa lalamiko la kwanza lililo karibu nayo. Aprili 2024 kampuni ya NVIDIA, mtengenezaji wa kadi zilizokuwa zikilaumiwa, iliwaelekeza wenye dalili hizo kwa Intel. Na Julai mwaka huohuo Intel ilieleza kwamba maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani kabisa yanayoiongoza prosesa, yalikuwa yakiomba volti kubwa kupita inavyostahili. Toleo la 0x129 lililotolewa Agosti 2024 liliweka kikomo cha maombi hayo kwenye volti 1.55, likafuatwa na 0x12B mwezi Septemba, na udhamini wa prosesa zilizohusika ukaongezwa kwa miaka miwili. Marekebisho hayo, ambayo hupatikana kwa kusasisha BIOS, programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa, huizuia prosesa nzima isiharibike, lakini hayaiponyi iliyokwisha kuharibika.

Kwa hiyo uchunguzi wenye busara huanza na namna ya kuanguka kabla ya maneno ya ujumbe. Mchezo ukijifunga peke yake na mengine yote yakabaki salama, wigo ni mpana. Skrini ikiwa nyeusi kwa muda mfupi kisha ikarudi, mara nyingi ni kwa sababu kadi ya michoro imeshindwa kujibu ndani ya sekunde 2 ambazo Windows huipa kwa kawaida, na mfumo ukaamua kuianzisha upya. Kompyuta ikizimika papo hapo kana kwamba mtu amechomoa waya, shaka ya kwanza ni umeme. Daftari la matukio la Windows, linalofunguliwa kwa jina la Event Viewer, huongeza ushahidi, ingawa nalo husomwa vibaya: tukio la Kernel-Power namba 41 huchukuliwa na wengi kuwa hukumu dhidi ya pawasaplai, yaani kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, kumbe husema tu kwamba kompyuta imewaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Maandishi ya WHEA-Logger yana uzito zaidi, kwa sababu hapo ni vifaa vyenyewe vinavyoripoti kosa.

Mshukiwa anayesahaulika kuliko wote ni RAM, kumbukumbu ambamo programu hufanyia kazi. Vijiti vingi vya DDR5 vinavyouzwa kwa kasi ya 6000 huwaka kwanza kwa 4800 au karibu na hapo, na kasi iliyoandikwa kwenye boksi haipatikani mpaka mtumiaji awashe ndani ya BIOS mpangilio uitwao XMP au, kwa upande wa AMD, EXPO. Mpangilio huo kwa hakika ni kuipitisha kumbukumbu kiwango chake cha kawaida, na si kila prosesa au ubao mkuu huuvumilia, hasa vijiti vinapokuwa vinne. Jaribio la kwanza lisilogharimu kitu ni kuuzima na kucheza kama kawaida. La pili ni kuendesha MemTest86 kutoka kwenye flashi kabla ya Windows kuwaka, ambapo hata kosa moja halipuuzwi, kisha kupima kijiti kimojakimoja.

Kuhusu umeme, pawasaplai hupimwa kwa wati, lakini kadi za kisasa huvuta kwa kushtukiza, kwa vipindi vifupi mno vinavyopita kiwango chake kilichotangazwa, hivyo pawasaplai iliyochoka huweza kubeba kazi nyepesi siku nzima na kukata mara tu mlipuko unapojaza skrini. Mahali ambapo umeme wa ukutani hushuka na kupanda, kuijaribu kompyuta kwenye nyumba nyingine huwa ni kipimo cha bei nafuu. Joto, kinyume na imani iliyoenea, si chanzo cha haraka hivyo, kwani prosesa iliyopata moto kwanza hupunguza kasi. Mchezo ulioanza kukwamakwama kabla ya kujifunga ndio unaodai feni zisafishwe vumbi.

Mchezo wenyewe nao huweza kuwa na kosa, na kama ni huo mmoja tu unaoanguka, inatosha kukagua mafaili yake kupitia Steam, programu ya duka la michezo, na kuondoa nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji. Ukianguka pamoja na mingine, kila badiliko lifanywe peke yake na lipewe muda, kwa sababu hitilafu inayojitokeza mara moja kwa siku mbili haijathibitishwa kuondoka kwa jioni moja ya utulivu. Tarehe, saa, jina la mchezo na maneno ya ujumbe ni vema viandikwe tangu mwanzo, maana duka litakaloijaribu prosesa kwa nusu saa bila kuiona ikianguka litairudisha kwa mwenyewe kama kifaa kizima, na muda wa udhamini utakuwa ukiendelea kukatika.