Kiu Badala ya Baridi

Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, mwaka 1331, lakini hakuondoka bila kuitaja miti yake. Aliona migomba na miti ya jamii ya ndimu, na akasifu tunda lenye kokwa mfano wa zeituni, tamu mno. Kwa jina alilolitaja, jamun, yaelekea ni zambarau zetu hizi. Nafaka, alisema, wenyeji waliletewa kutoka nje ya kisiwa. Na Aprili 1498, mfalme wa Mombasa alipompelekea Vasco da Gama zawadi chomboni, zilikuwa kondoo, miwa, machungwa na malimau. Kisiwa kisichojitosheleza kwa nafaka kilikuwa na matunda ya kumpa mgeni. Anayepanda mkomamanga leo uani mwa nyumba ya Mji wa Kale anaendeleza kazi ya karne nyingi.

Mkomamanga na mforsadi ndiyo vichaka ninavyovipigia debe hapa, kwa sababu vinaridhika na nafasi ndogo, hata pipa lililokatwa nusu likawekwa juu ya sakafu ya dari. Mndimu nao hukubali, ingawa una manung'uniko yake, kama tutakavyoona.

Taabu ya kwanza ni mwamba. Chini ya kisiwa hakuna udongo mwingi. Kuna jiwe la matumbawe, masalia ya viumbe walioishi baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko leo. Jiwe hilohilo ndilo lililojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, na likichomwa ndilo chokaa ya kuta zetu. Kwa mmea, chokaa huufanya udongo uwe na alkali, na ndani ya alkali madini ya chuma hujifunga yasiyeyuke. Chuma kipo, ila mzizi haukipati. Dalili yake utaiona kwanza kwenye mndimu: jani changa linakuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Watu wengi wakiona hivyo huongeza maji, na maji hayatibu kitu hapo. Kinachotibu ni mboji. Inapooza hutoa asidi hafifu na kukishika chuma kwa namna ambayo mzizi unaweza kukinyonya. Vifusi vya plasta ya zamani viondolewe shimoni kabisa, maana kila mvua inayovipitia inaongeza chokaa.

Kuna ushahidi mkubwa wa nguvu ya mboji juu ya jiwe la matumbawe, na hauko mbali. Mwaka 1971, huko Bamburi, kaskazini ya kisiwa, René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki jiwe tupu na maji ya chumvichumvi. Alijaribu aina 26 za miti, na tatu tu zikastahimili. Mmoja ni mvinje, ambao mizizi yake huishi na bakteria wanaoitengenezea nitrojeni kutoka hewani. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakalala juu ya jiwe bila kuoza. Haller akawaleta majongoo. Walikula majani yale makavu, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria wa udongo. Ardhi ikaanza kujijenga, na leo pale pana msitu. Kwa hiyo ukimwona jongoo chini ya matandazo ya mkomamanga wako, mwache. Majani makavu anayoyatafuna ndiyo udongo wako wa kesho.

Tuje kwenye majira. Bustani za Ulaya hupanda rasiberi na vichaka vya namna hiyo katikati ya baridi, wakati mimea imelala. Usingizi huo una hesabu. Chipukizi hufungwa na homoni, mojawapo ikiwa asidi ya absisiki, na hufunguka baada ya kupitiwa na mamia ya saa za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi za selsiasi. Aina nyingine hutaka zaidi ya saa 1,000. Mombasa, nyuzi 4 kusini ya ikweta, haina hata saa moja ya kuipa. Julai yetu usiku huwa nyuzi 20 hivi. Hata mchana hautoi ishara: siku ndefu kuliko zote kwa mwaka inaizidi fupi kuliko zote kwa takriban nusu saa.

Lakini mmea wa matunda haulazwi na baridi peke yake. Wakulima wa tufaha wa Batu, kisiwani Java, hung'oa majani kwa mikono baada ya kuvuna ili mti uchanue upya. Dodoma, mzabibu hupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Na India, wakulima wa makomamanga huunyima mti maji kwa wiki kadhaa, kisha huupogoa, huutia samadi na kuunywesha, nao unachanua wote kwa pamoja. Kiu hupandisha ile homoni ya usingizi, ukuaji husimama, na wanga hujikusanya matawini kungojea maji.

Hapa ndipo naona pwani imependelewa. Kaskazi hutupa kiu hiyo bure. Januari na Februari, mvua zikiwa zimekatika, mpunguzie maji mkomamanga uliokomaa mpaka majani ya chini yaanze kudondoka, ila ulio kwenye pipa usiukaushe kabisa. Machi pogoa na utie samadi. Mvua ya mwaka ikianza, maua yatakuja. Mforsadi una tabia nzuri zaidi: ukipogolewa na kupukutishwa majani, machipukizi mapya hutoka na matunda yake. Mche wa mwaka wa kwanza usifanyiwe lolote kati ya haya. Haujaweka akiba ya kustahimili.

Kupanda kwenyewe kungoje kipupwe, Juni hadi Agosti. Mawingu yapo, jua limepungua ukali, rasharasha za mchoo hupita, na jani halipotezi maji mengi wakati mzizi bado ni mchanga. Kipande cha tawi lililokomaa, urefu wa shibiri moja, kikichomekwa thuluthi mbili ndani ya mchanga uliochanganywa na mboji, kina muda wa kutoa mizizi, kisha vuli ikikute kimeshika, kabla kaskazi haijarudi. Adui wa kipupwe ni kusi lenyewe, hasa pande za ufuo wa Mama Ngina ambako upepo huja na chumvi ya bahari. Weka mche nyuma ya ukuta, na suuza majani kwa maji matamu. Maji ya visima vingi vya kisiwa yana chumvi, na mkomamanga huyavumilia kuliko mndimu. Hata hivyo, chumvi hujikusanya ndani ya pipa, hivyo mara mojamoja mimina maji ya mvua mengi mpaka yatoke chini.

Wakati mche mpya unashika, ule mkubwa una matunda. Huchukua miezi mitano hadi saba tangu ua, kwa hiyo huiva karibu na vuli, na hapo ndipo makomamanga hupasuka. Ganda lililokauka Agosti na Septemba hukosa kunyumbuka. Mvua ya ghafla ikiingia, punje hufura na ganda linaachia. Maji kidogo ya kila mara, pamoja na matandazo mazito, huzuia hasara hiyo.

Ikiwa uani pana mpera pia, tahadhari na nzi wa matunda wa Asia, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Hutaga mayai chini ya ganda, na funza akishiba hushuka udongoni kugeuka nzi. Vika matunda vifuko vya karatasi au vitambaa yakiwa bado madogo. Yaliyoanguka yasitiwe kwenye mboji. Yafungiwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, ikae juani siku kadhaa mpaka funza wafe, ndipo yafukiwe.