TUMBO LA MAMA NA UKUBWA WA MTOTO

Wahenga wetu walisema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi, watakapo mtoto mkubwa, humtazama dume tu. Je, hayo yatosha? Farasi wametupa jibu.

Huko Uingereza wako farasi wa aina mbili wasiolingana hata kidogo. Shire ni farasi wa kukokota mizigo, naye huweza kupita kilo 800. Shetland ni farasi mfupi wa visiwani, na uzito wake ni kama kilo 200. Wataalamu wawili wa Cambridge, Arthur Walton na John Hammond, walitaka kuwachanganya. Kwa kuwa kimo kiliwazuia kupandana, walitumia njia ile ile itumikayo kwetu kwa ng'ombe wa maziwa: mbegu za dume hukusanywa, kisha hutiwa kwa mrija katika mji wa mimba wa jike.

Habari zao zilitangazwa mwaka 1938. Watoto wote walikuwa na damu ya Shire nusu na ya Shetland nusu. Lakini waliozaliwa na mama Shire walikuwa wazito kama mara tatu kuliko waliozaliwa na mama Shetland. Hata walipokuwa wakubwa, wale wadogo hawakuwafikia wenzao.

Sababu ni nini? Kondo la farasi hutanda karibu mji wote wa mimba, nalo ndilo lipitishalo chakula na hewa kutoka damu ya mama. Mji ukiwa mdogo, kondo huwa dogo, na mtoto hupata haba kwa muda wa miezi 11.

Jambo hili lina maana kubwa leo. Katika nchi kama Argentina, mimba changa ya siku 7 au 8 hutolewa kwa farasi hodari wa mchezo wa polo na kutiwa kwa jike mwingine, ili yule hodari aendelee kucheza. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba mimba ya farasi mkubwa ikibebwa na farasi mdogo, mtoto huzaliwa mdogo.

Basi mfugaji asichague mbebaji kwa urahisi wa bei tu, bali atazame na umbo lake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi huanza tumboni.