Mwajiri Akifilisika, Jasho la Mfanyakazi Lisipotee

Tuchukue mfano wa kijana aliyeondoka Milepa, wilayani Sumbawanga, akaajiriwa na kampuni mjini. Wazazi, mke na watoto waliobaki nyumbani hutazamia fungu lake kila mwisho wa mwezi. Siku moja akuta lango limefungwa. Kampuni imefilisika, naye anadai mishahara ya miezi mitatu. Je, Serikali itamlipa?

Ndugu Waislamu, suala hili si geni katika dini yetu. Mtume Muhammad (s.a.w.) ametuagiza tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Imepokewa pia kwamba, Allah alipomfungulia riziki, alijitwika deni la Muumini aliyefariki bila kuacha cha kulilipia. Kwa hiyo mwenye mamlaka naye ana sehemu yake pale mdaiwa anaposhindwa.

Nchi jirani ya Kenya imeliandika jambo hili katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Mwajiri akifilisika, mfanyakazi aweza kumwomba Waziri malipo kutoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yakiwemo malimbikizo ya mishahara yasiyozidi miezi 6, kwa kiwango chenye kikomo.

Tanzania Bara haina mfuko wa namna hiyo. Hapa Serikali hailipi mshahara badala ya mwajiri. Inachompa mfanyakazi ni baraza la kudai na nafasi katika foleni ya wadai. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 huiweka sehemu ya mishahara miongoni mwa madeni ya kipaumbele. Hata hivyo, benki iliyowekewa jengo rehani hulipwa kwanza kutokana na jengo hilo. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo.

Basi anayechelewa hujidhulumu. Mshahara ukianza kukwama, dai lifikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Na kama mtu ameachishwa kazi isivyo halali, ndani ya siku 30. Aliyechelewa kwa sababu ya msingi aombe kuongezewa muda. Mahakama ikishatoa amri ya kuifilisi kampuni, shauri dhidi yake haliendelei bila idhini ya mahakama. Dai hupelekwa kwa mfilisi kwa maandishi.

Familia nayo ina kazi. Ihifadhi mkataba, hati za mshahara, kitambulisho cha kazi na taarifa za benki. Asiye na mkataba asikate tamaa: mwajiri asipowasilisha maandishi ya ajira, sheria humtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Vilevile, aliyechangia NSSF walau miezi 18 na hakujiuzulu aulizie fao la kukosa ajira. Fao hilo halifuti mishahara anayodai.

Kwa mwajiri, neno ni moja. Qur'an imeagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, na hiyo ni rehema kwa aliyeanguka kweli. Anayehamishia mali kwa jamaa zake kisha akajiita muflisi hana haki ya rehema hiyo. Mfilisi akikosa kuiona mali aliyoificha, Allah anaiona, na kijana wa Milepa atamdai Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.