Je, Wajua? Farasi wa Skrini na Fahali wa Shinyalu

Je, wajua kwamba kijana anayefuga farasi kwenye gemu na mzee wa Ikolomani anayefuga fahali wa kupigana wanasumbuliwa na maswali yale yale? Huyu kazaliwa na nani? Alishwe nini? Apumzishwe lini? Safari hii safu yetu inatoka Kakamega, kaunti ambako farasi ni nadra kuonekana, lakini ambako kumlea mnyama kwa ajili ya nguvu, umbo na jina ni jambo watu wanalolijua tangu utotoni.

Je, wajua kwamba gemu maarufu kuliko zote za kuiga maisha ilitokana na moto? Mwaka 1991 nyumba ya Mmarekani Will Wright iliteketea katika moto mkubwa wa Oakland, California. Alipoanza kununua upya vyombo na fanicha, akawa anajiuliza binadamu huhitaji nini hasa ili aishi vizuri. Swali hilo likazaa The Sims, iliyotoka Februari 2000. Farasi waliingia mwaka 2011 katika The Sims 3, kisha wakarudi Julai 20, 2023 katika toleo la The Sims 4 liitwalo Horse Ranch.

Kati ya matoleo hayo mawili kuna tofauti moja inayonivutia sana. Katika lile la 2011 mchezaji aliweza kumwamrisha farasi moja kwa moja. Katika la 2023 hawezi. Anachoongoza ni binadamu anayemtunza farasi, na farasi mwenyewe ana hulka yake: jasiri, mwoga au mkaidi. Anajifunza stadi nne, yaani wepesi, kuruka, ustahimilivu na utulivu wa tabia, na zote zinapanda kwa mazoezi ya kurudia-rudia. Kwa maoni yangu toleo la pili ndilo linaloujua ufugaji, maana mnyama ana nia yake, na kazi ya mfugaji ni kuishi na nia hiyo hadi waelewane.

Je, wajua mnyama wa kwanza wa kielektroniki aliyeliliwa na watoto wa dunia nzima alikaa kwenye kifaa kidogo chenye umbo la yai? Ni Tamagotchi, kilichoanza kuuzwa Japani Novemba 1996. Usipomlisha, anakufa.

Je, wajua jinsi kompyuta inavyompa mtoto wa farasi urithi wake? Hapa tukae kidogo. Chukua gemu ya Minecraft, iliyopokea farasi Julai 2013. Kuna rangi 7 na mabaka ya aina 5, kwa hiyo sura za farasi ni 35. Ukitaka wazae, unawalisha tufaha la dhahabu au karoti ya dhahabu, mtoto anazaliwa papo hapo, naye hukua kwa dakika 20. Farasi jike wa kweli hubeba mimba kwa miezi 11 hivi.

Rangi ni jambo jepesi. Kazi iko kwenye mbio. Kwa miaka karibu kumi, gemu hiyo ilichukua kasi ya baba, ikajumlisha na kasi ya mama, ikaongeza namba ya tatu iliyookotwa kwa bahati nasibu, kisha ikagawanya kwa tatu. Piga hesabu: baba ana 12, mama ana 12, na bahati imetoa 6. Jumla ni 30, mtoto anapata 10. Wazazi wote wawili ni hodari, naye mtoto amewapungukia! Wachezaji walizalisha kizazi baada ya kizazi wakitafuta bahati itoe namba kubwa kuliko ya wazazi, na haikutoa mara nyingi. Machi 2023 kanuni ikabadilishwa: sasa mtoto huanzia kwenye wastani wa wazazi wake, kisha bahati humsogeza juu au chini, hivyo anayechagua vizuri huona ukoo wake ukipanda.

Na je, wajua kwamba ile kanuni ya zamani haikuwa mbali na maumbile? Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alionyesha kwamba watoto wa wazazi warefu mno huwa warefu, lakini kwa wastani hawafikii urefu wa wazazi wao. Hurudi kidogo kuelekea kwa watu wa kawaida. Mfugaji aliyemnunua ndama wa fahali bingwa kwa bei kubwa, akatarajia bingwa mwingine, ameonja hesabu hiyo bila kuisoma.

Je, wajua Japani walianza mapema? Derby Stallion, gemu ya kuzalisha na kufunza farasi wa mbio, ilitoka mwaka 1991. Miaka 30 baadaye, Februari 2021, ikaja Uma Musume, ambamo wasichana wa katuni wamepewa majina ya farasi halisi waliokimbia Japani. Mmoja wao ni Haru Urara. Farasi jike wa kweli mwenye jina hilo alikimbia mbio 113 na hakushinda hata moja, ila Wajapani walimpenda kwa sababu hakuacha kukimbia. Alikufa Septemba 2025, wakati wachezaji wa nchi nyingine wakiwa ndio kwanza wanalijua jina lake kupitia gemu.

Je, wajua farasi asiyekula nyasi aliwahi kuuzwa kwa dola 125,000? Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2021 juu ya Zed Run, mbio za farasi wa kidijitali kutoka Australia, ambamo bei ilifuata ukoo. Tamaa hiyo ya ukoo haikuanzia kwenye kompyuta. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, popote alipo duniani, akihesabiwa baba kwa baba anaishia kwa mmoja wa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian au Godolphin Arabian. Wengi mno huishia kwa Darley Arabian.

Turudi nyumbani. Je, wajua kwa nini sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki haikuwa nchi ya farasi? Mbung'o huwaambukiza nagana. Usubi nao, wadudu wadogo wasioonekana vizuri, huwaletea maradhi ya farasi ya Kiafrika yanayoweza kuua asilimia 70 hadi 95 ya walioambukizwa. Punda milia hubeba virusi hivyo hivyo bila kuonyesha dalili yoyote. Farasi wa skrini hana adui hata mmoja kati ya hawa, na hapo ndipo gemu nyingi zinapomdanganya mtoto wa Afrika kuhusu gharama ya kufuga.

Je, wajua wanasayansi wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, waliwahi kumpata ndama dume wa Boran kwa kunakili chembe za ng'ombe mwingine? Walimwita Tumaini. Lengo la mbali lilikuwa kuwapa ng'ombe jeni inayowakinga nyani dhidi ya vimelea vinavyoenezwa na mbung'o.

Kenya ina farasi wa mbio, bila shaka. Kenya Derby ilianza mwaka 1914, na uwanja wa Ngong, Nairobi, umeona vizazi vingi vya farasi. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro kwenye shamba la baba yake, alipata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa bado kijana, akatoa washindi sita wa Derby. Mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kwa ndege, kutoka Uingereza hadi Kanada.

Lakini mabingwa wa Kakamega wana pembe. Je, wajua kwamba katika mapigano ya fahali ya Waisukha na Waidakho hakuna mtu mwenye upanga? Fahali hupambana na fahali, na anayegeuka kukimbia ndiye aliyeshindwa. Asubuhi na mapema hupelekwa uwanjani kwa nyimbo na ngoma za isukuti, Shinyalu, Khayega au Malinya, na kila mmoja ana jina linalotajwa kama la mwanasoka. Isukuti yenyewe iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Seneta Boni Khalwale anafahamika nchi nzima kwa lakabu ya "Bullfighter", na ni lakabu ya heshima. Fahali wa namna hii hafungwi jembe. Hutengwa, hulishwa vizuri na kuchungwa na mtu anayezijua hasira zake. Soma tena zile stadi nne za farasi wa The Sims, kisha umwulize mtunzaji wa Shinyalu ni ipi asiyoitafuta kwa fahali wake.

Je, wajua kwamba mkulima wa Kakamega mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa anaweza kuchagua dume asiyewahi kumwona? Kituo cha Kabete kilianza kutoa mbegu za madume mwaka 1946, na leo ndicho kituo cha taifa cha rasilimali za jeni za mifugo, kwa kifupi KAGRC. Mbegu huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na katalogi inamwonyesha mkulima ukoo wa dume na maziwa ya mabinti zake. Kijana aliyezoea kusoma namba za farasi wa gemu anaweza kuisoma katalogi hiyo na kumsaidia mama yake kuchagua. Yeyote anayesema gemu ni kupoteza muda tu, na alitafakari hilo.

Mwisho, je, wajua kwamba Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu ya pande tatu, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007, mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Kakamega kilipopata hadhi kamili? Chuo hicho kinafundisha kompyuta, na uwanja wa fahali wa Khayega uko karibu nacho. Enyi wanafunzi, nendeni Shinyalu na Malinya mkawaulize wazee nasaba za fahali wao, chakula chao, maradhi yao na mbung'o wao. Rekodini isukuti kwa idhini ya wapigaji, na muwalipe. Kisha mtutengenezee gemu ya kufuga fahali, ndani yake mtu ateue ukoo, amlee ndama, aite daktari wa mifugo, ashindwe na ajaribu tena. Wanaozijua koo za fahali hao kwa kichwa ni wazee. Nendeni mwaka huu.