Fahamu: Mkulima wa Kanazi anahusikaje na sangara wa Ziwa Victoria?
Kanazi, wilayani Ngara, iko mbali na ufuo. Hata hivyo, udongo unaomomonyoka kwenye vilima vya Ngara huishia mto Kagera, mkubwa kuliko mito yote inayomwaga maji Ziwa Victoria. Rutuba ya udongo huo hunenepesha gugumaji, mmea unaofunika maji na kukwamisha uvuvi wa sangara, ulioonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbawakawa walioachiliwa miaka ya 1990 waliutafuna vizuri. Udongo, bila shaka, hawauwezi.

Kwa hiyo afisa uvuvi aliyesomea samaki peke yake ana elimu nusu. Anahitaji pia kilimo, sheria na hesabu za soko la sangara. Na kwa kuwa bonde la Kagera ni la Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda, darasa lake lingefaa kuchanganya wanafunzi wa nchi zote nne.